Kama Hujui, Usimchome: Ushauri kwa Mwenye Paka wa Kisukari

Sisimizi ndio walioniambia kwanza. Nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Makanyagio mjini Mpanda, kuna rundo la mchanga lililobaki tangu tulipojenga, na paka wetu Shombo amelifanya choo chake kwa miaka. Asubuhi moja nikakuta msururu wa sisimizi umetoka ukutani hadi pale alipokojoa, wamejazana kama walioalikwa shughuli. Nikapita zangu. Kesho yake wakawapo tena. Wiki hiyohiyo nikagundua kwamba bakuli lake la maji, ambalo zamani nililijaza mara moja kwa siku mbili, linakauka kabla ya jua kutua. Yule dume mnene aliyekuwa akijaza kiti kizima, sasa mgongo wake unahesabika mfupa kwa mfupa, na sahani anailamba mpaka inang'aa.

Anakunywa sana, anakojoa sana, anakula sana na bado anakonda. Mtu akikueleza hayo kuhusu mjomba wake, utamwambia ampeleke akapime sukari leo hii. Kwa paka hatuwazi hivyo. Tunasema ana minyoo, au amezeeka, au jirani amemlisha kitu.

Daktari wa mifugo alinipa jibu siku tatu baadaye: kisukari. Nayaandika haya kwa ajili ya mwenzangu atakayeambiwa neno hilo kesho akiwa Kawajense, Nsemulwa au Inyonga, mbali na kliniki za paka na mbwa za Dar es Salaam na Arusha. Sitakupa kipimo cha dawa. Hicho ni cha daktari aliyemshika paka wako kwa mikono yake. Nitakueleza kazi inayobaki baada ya daktari kuondoka, ambayo ndiyo kubwa. Na nitakupa kanuni moja iliyonigharimu usiku mzima kuijifunza: kama hujui, usimchome.

Kwanza uhakika

Kisukari cha paka kinafanana na kile cha watu wazima. Kongosho linatengeneza insulini, lakini mwili hauisikii vizuri, na kongosho likihangaika kwa muda mrefu linachoka. Kinawapata zaidi paka wa makamo na wazee, madume kuliko majike, waliohasiwa, na hasa wanene wanaoshinda wamelala. Kuna chanzo kingine ambacho huku kwetu hakitajwi: sindano za deksamethazoni na vidonge vya predinisoloni, zinazotolewa mara kwa mara kwa paka anayejikuna au kukohoa. Dawa hizo zina kazi yake, ila zikirudiwarudiwa zinaweza kumfikisha paka kwenye kisukari. Kama wako amewahi kuchomwa, mwambie daktari hata kama hakukuuliza.

Tazama pia miguu ya nyuma. Paka mwenye afya hutembea kwa vidole, kisigino kiko juu. Kisukari kikikaa bila tiba huweza kudhuru mishipa ya fahamu, na paka akaanza kukanyaga na kisigino chini kama sungura aliyechoka. Shombo alifika huko. Alikuwa akiutazama ukuta aliouruka maisha yake yote, kisha anageuka kana kwamba hakuwa na nia.

Lakini kiu peke yake haithibitishi kisukari. Ugonjwa wa figo na wa tezi ya thairoidi, ambao nao ni wa paka wenye umri mkubwa, huanza hivyohivyo. Wala namba moja ya damu haitoshi, kwa sababu ya hofu. Mtie paka mzima kwenye tenga la kuku, mpakie kwenye bajaji, mpitishe sokoni katikati ya honi na spika za matangazo, kisha mpime: sukari yake inaweza kuruka kupita milimoli 16 kwa lita bila ugonjwa wowote, wakati akiwa ametulia nyumbani huwa kati ya 4 na 7 hivi. Ndiyo maana daktari makini hupima na mkojo. Mkojo wa paka mzima hauna sukari. Kuupata si kazi: mwondolee mchanga, mwekee beseni lenye kokoto ndogo zilizooshwa na kukaushwa, ngoja, kisha inamisha beseni uchovye kijiti cha kupimia mkojo, kilekile kinachotumika kwenye maabara za watu. Kijiti hicho huonyesha pia ketoni. Sukari na ketoni zikionekana kwa pamoja, usingoje kesho.

Kuhusu daktari mwenyewe, tuzungumze kwa haki. Mkoa wa Katavi una ng'ombe wengi, na wataalamu wa mifugo wa halmashauri zetu siku yao inaliwa na ndigana, chanjo na ukaguzi wa nyama. Ukimpelekea paka anayehitaji insulini, huenda atakuwa wa kwanza kwake tangu atoke chuoni. Hilo si aibu yake. Aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania anaijua misingi, na anaweza kumpigia mwenzake aliye kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wakashauriana kwa simu. Usimkwepe ukakimbilia kwa rafiki ambaye paka wake "alipona kwa uniti tatu". Wala usimpe vidonge vya kisukari vya shangazi yako. Na kwa kuwa tumeshagusa kabati la dawa za nyumbani: usimpe paka panadoli hata siku moja, kwa ugonjwa wowote. Kidonge kimoja kinatosha kumuua.

"Dawa ya watu unampa paka?"

Utaulizwa swali hili dukani, nyumbani na kanisani. Mimi niliulizwa na jirani yangu, mama mtu mzima ninayemwamkia kila asubuhi: "Mwanangu, watu wanakosa dawa, wewe unachoma paka?" Nilicheka naye, lakini swali lake lina uzito na linastahili jibu.

Insulini tumeipata kupitia wanyama. Mwaka 1921, mjini Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliijaribu kwanza kwa mbwa, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson akawa mtu wa kwanza kuchomwa. Kwa miaka 60 iliyofuata, wagonjwa duniani kote waliishi kwa insulini iliyokamuliwa kutoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa, mpaka ile inayotengenezwa kwa bakteria ilipoidhinishwa mwaka 1982. Kwa hiyo dawa hii ilianza kwa wanyama ikaja kwa watu. Kuirudisha kwa mnyama si maajabu.

Upande wa pili wa jibu ni wajibu. Usichukue insulini ya mgonjwa aliyepewa hospitali, hata kama ni mama yako na anakuruhusu. Usichangie kichupa wala sindano kati ya mtu na paka. Nunua ya paka peke yake, kwa cheti cha daktari, na kwenye jokofu iweke kwenye kikopo chenye jina lake.

Uniti na uniti

Sisi tunaonunua umeme wa Luku tunalijua neno uniti. Uniti za insulini nazo ni hesabu tu, ila maji yanayozibeba hutofautiana, na hapo ndipo paka wanapokufa. Insulini nyingi za watu zina uniti 100 katika mililita 1. Baadhi ya insulini za wanyama, kama Caninsulin, zina uniti 40 katika mililita 1. Kila moja ina sindano yake. Ukivuta dawa ya 100 kwa sindano ya 40, mstari unaosoma 1 umebeba uniti 2 na nusu. Ukifanya kinyume, unampa chini ya nusu ya dozi, halafu unashangaa kwa nini haimsaidii. Kabla ya dozi ya kwanza, weka kichupa na sindano sambamba mezani, soma namba iliyoandikwa kwenye kila kimoja, na hakikisha zinafanana. Kila ukinunua boksi jipya, soma tena.

Tatizo la pili ni mistari. Paka wengi huanzishiwa kama uniti 1, mara 2 kwa siku, na mwanzoni ni nadra daktari kuzidisha uniti 2 kwa mara moja. Kwa dawa ya 100, uniti 1 ni sehemu moja ya mia ya mililita: tone dogo ambalo mtu asiyevaa miwani haliamini. Sindano za mililita 1, ambazo ndizo utakazozikuta kwa urahisi, mara nyingi kila mstari wake ni uniti 2. Huwezi kupima 1 hapo bila kubahatisha. Mwombe mfamasia akuagizie ya mililita 0.3, yenye uniti 30 na ikiwezekana mistari ya nusu uniti. Huku ukiingoja, fanya mazoezi ya kuvuta maji, mara ishirini, mpaka mkono uzoee.

Aina ya insulini nayo si ya kuokota. Kwa paka, madaktari wengi hupendelea glajini au insulini ya wanyama inayofanya kazi polepole. Ile ya watu yenye ukungu inayoitwa NPH huisha mapema mno kwenye mwili wa paka. Hutumika pale ambapo nyingine haipatikani, na daktari ajue hivyo. Ile mchanganyiko ya 30/70, ambayo imejaa kwenye maduka kwa sababu wagonjwa wengi wanaitumia, ina sehemu inayoshusha sukari kwa kasi. Muuzaji akikwambia "zote ni insulini tu", mshukuru uondoke.

Saa 1 na saa 1

Katika jambo moja Waswahili tumebahatika. Insulini ya paka huchomwa kila baada ya saa 12, na saa yetu inalikumbuka hilo bila kujitahidi: saa 1 asubuhi, saa 1 jioni. Jua letu halibadilishi tabia kwa msimu. Linachomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Chagua saa unayoweza kuilinda hata Jumapili, hata siku ya msiba.

Mpangilio wangu ni huu. Kwanza chakula. Nasimama nimwone akila, kwa sababu paka asiyekula hachomwi. Akishakula, natoa kichupa. Dawa yenye ukungu huchanganywa taratibu, kwa kufuata karatasi iliyo ndani ya boksi. Iliyo angavu haihitaji, na ikionekana imeingia ukungu au vipande, haifai. Navuta, naondoa mapovu, nasoma mstari kwenye mwanga wa dirisha. Kisha nainua ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili ijikunje kama hema, naingiza sindano kwenye mkunjo, nasukuma, natoa. Leo kulia, kesho kushoto, ili ngozi isiwe ngumu mahali pamoja. Shombo siku hizi hata hageuzi kichwa.

Ila kuna siku paka atajinyonga, au utahisi manyoya yamelowa na hujui ni kiasi gani kimeingia. Usirudie. Hata tone likiwa limemwagika lote, usirudie. Ngoja saa 1 ijayo. Akila nusu tu, mpigie daktari kabla ya kuchoma. Akitapika, mpigie daktari. Ukisafiri kwenda Sumbawanga ukachelewa barabarani, usifidie kwa dozi kubwa. Dozi moja ikikosekana, sukari itapanda, atakunywa maji mengi, kesho mtaendelea. Dozi moja ikizidi, huenda kesho hiyo asiione. Ukisahau umepoteza siku. Ukizidisha umepoteza paka.

Usiku wa sindano mbili

Naijua sentensi hiyo kwa sababu niliishi ndani yake. Mwezi wa pili wa tiba, nilirudi nyumbani jioni nikamlisha Shombo, nikamchoma, nikaenda kuoga. Mama watoto akatoka jikoni, akaona sahani tupu na saa imefika, naye akamchoma. Hatukuulizana. Yapata saa 3 usiku paka akateremka kitini akiyumba kama aliyekunywa pombe. Akaenda kwenye sahani, akasimama juu yake bila kula, macho yamepanuka. Ndipo tukatazamana.

"Wewe pia?"

Nikapiga simu. Daktari hakunigombeza. "Ana fahamu? Anameza?" Anameza. "Mpe chakula sasa hivi, chochote anachopenda. Asali mnayo?"

Asali Katavi ikosekane? Nyumba ngapi za Mpanda hazina chupa iliyotoka Inyonga? Akaniambia nimpake kwenye ufizi kama kijiko kidogo cha chai, kidogo kidogo, nisimmiminie mdomoni asije akapaliwa, na kama ataanza degedege nisitie kidole kati ya meno. Mashine ya kupimia sukari ilisoma 2.9. Baada ya asali na kipande cha samaki ikapanda, baada ya saa moja ikashuka tena, kwa sababu asali inakwisha haraka na insulini bado ipo. Tulikesha hivyo, tukipima, tukimlisha, mpaka majogoo. Asubuhi hakuchomwa. Daktari ndiye aliyesema lini tuanze tena, na tulianza chini.

Zishike dalili za sukari kushuka: njaa ya ghafla au kugoma kula ghafla, kuyumba, kutetemeka, kukodoa macho, kulia kusiko kwa kawaida, kulegea, degedege. Ukiziona, usianze kutafuta mashine; asali kwanza, kipimo baadaye, kisha mpeleke kwa daktari. Hata akionekana amepona kabisa, siku hiyo si ya kumwacha peke yake.

Kutokea usiku huo pana daftari la mistari limefungwa kwa uzi kwenye mlango wa jokofu, na kalamu. Anayechoma anaandika kabla hajarudisha kichupa: tarehe, saa, amekula kiasi gani, uniti ngapi, nani. Mstari ukiwa mtupu na mwenzako hapatikani kwa simu, hujui. Na kama hujui, unakumbuka kanuni.

Namba saba za siku moja

Daftari lina kazi nyingine ambayo nisingeiamini kama nisingeiona. Nunua mashine ya kupimia sukari, ya watu itafaa, na uitumie hiyohiyo siku zote. Elewa kwamba mashine ya watu kwa kawaida humsomea paka chini kidogo ya ukweli, hivyo daktari ajue unatumia ipi. Damu hutoka kwenye mshipa mwembamba unaopita pembeni mwa sikio: lipashe joto sikio kwa kitambaa cha vuguvugu, weka pamba nyuma yake, dunga, tone litoke, mpe kipande cha samaki. Siku tatu za kwanza nilitoa jasho. Ya nne akaanza kuja mwenyewe, kwa ajili ya samaki.

Daktari aliniomba nipime kila baada ya saa 2 kwa siku nzima, nyumbani, paka akiwa ametulia. Daftari likatoka hivi:

Saa 1 asubuhi, kabla ya sindano: 19.
Saa 3: 14.
Saa 5: 8.
Saa 7 mchana: 6.5.
Saa 9: 9.
Saa 11: 13.
Saa 1 jioni: 18.

Mtu akiiona 19 ya asubuhi na 18 ya jioni atasema dozi ni ndogo, ongeza. Mimi nilikuwa tayari kuongeza. Lakini tazama saa 7 mchana: 6.5, pazuri kabisa. Nikiongeza uniti 1, ile 19 huenda ikawa 17, lakini 6.5 ya mchana, wakati mimi niko kazini na paka yuko peke yake chini ya kitanda, inaweza kuwa 3. Shida haikuwa kiasi cha dawa. Dawa ilikuwa inaisha mapema, na tiba yake ilikuwa kubadilisha aina ya insulini. Jambo hilo halikuonekana kwenye namba moja, lilitaka saba. Ndiyo sababu daktari habadilishi dozi kila siku. Huipa insulini wiki moja hivi mwilini, hupima tena, kisha husogeza kwa nusu uniti au uniti 1. Kazi yako si kukisia mapema kuliko yeye. Kazi yako ni kumletea namba za kweli, hata zile zinazokuaibisha.

Ugali wa nani?

Paka wetu wengi wanaishi kwa ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa, au ukoko wa wali. Paka ni mla nyama. Mwili wake haukuumbwa kwa sembe, na kwa mwenye kisukari unga ni sukari inayokuja kwa mlango wa nyuma. Mpunguzie polepole kwa wiki mbili hadi tatu, huku sehemu ya nyama na samaki ikiongezeka. Mpanda tunaweza: dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika wanaotoka Karema na Ikola, vichwa na firigisi za kuku, mayai ya kuchemsha, mapupu. Dagaa wenye chumvi waloweshe na umwage maji. Pika samaki, kwani wengine wakiliwa wabichi huharibu vitamini anazozihitaji. Maini yawe kidogo, si kila siku. Maziwa yaache, yana sukari yake. Changanya aina, asiishi kwa samaki peke yao, na kama uwezo upo wa kununua chakula cha kopo cha paka, soma kisiwe kimejaa nafaka.

Sasa sikiliza kwa makini hatari iliyomo. Paka anayechomwa insulini akiondolewa ugali, sukari inashuka yenyewe, na dozi ya jana inakuwa kubwa mno leo. Mwambie daktari kabla ya kubadilisha sahani, na pima zaidi wiki hizo. Kama ni mnene, akonde taratibu, kiasi cha asilimia 1 ya uzito kwa wiki. Kwa paka wa kilo 5 hiyo ni gramu 50. Usimfungishe. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hulijaa ini, na ugonjwa huo unaweza kumuua kabla ya kisukari.

Jokofu na mtungi

Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Mji wetu uliishi miaka mingi kwa majenereta, na tunajua maana ya umeme kukatika kuanzia mchana mpaka usiku. Ukikatika, usifungue mlango wa jokofu ovyo. Kama huna jokofu, tumia mtungi: weka kichupa ndani ya chombo kisichopitisha maji, kikae ndani ya chungu kilicholoweshwa kwa nje, kivulini, penye upepo. Kiangazi hewa ikiwa kavu, hasa Septemba na Oktoba joto linapopamba, mtungi unapoza vizuri. Masika hewa ikiwa na unyevu unapoza kidogo. Usiiache kamwe juani, kwenye gari, wala juu ya bati la jikoni.

Ukiagiza kwa basi kutoka Tabora, Mbeya au Dar es Salaam, omba ifungwe kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, na barafu izungushiwe kitambaa isiguse kichupa. Kisha uwe stendi basi linapoingia.

Kuhusu gharama, usihesabu uniti, hesabu siku. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000, na paka wa uniti 2 kwa siku angekitumia zaidi ya mwaka. Lakini kikishafunguliwa, maisha yake kwa mujibu wa karatasi ya mtengenezaji ni wiki chache. Nyingi husema siku 28. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo. Dawa ikianza kushindwa bila sababu, kabla ya kuomba dozi iongezwe, itazame tarehe hiyo. Uliza kama kuna katriji za mililita 3, utatupa kidogo.

Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto, na ikijaa ipeleke zahanati wakaiteketeze pamoja na zao. Usiitupe jalalani, ambako kuna watoto wanaookota makopo.

Siku usiyongoja

Paka wa kisukari aliyeacha kula, anatapika, amelegea, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza, damu yake imeingia sumu ya ketoni. Hapo anahitaji maji ya mshipani na insulini ya hospitali. Asali haihusiki wala kungoja hakufai. Uliza leo, paka akiwa mzima, ni nani atakayepokea simu yako usiku.

Kuna pia atakayesoma mpaka hapa akajua kwamba hawezi: kazi yake ni ya zamu, au mfuko hauruhusu. Asione haya. Nenda ukamwambie daktari ukweli huo. Kuna paka wanaosaidika kiasi kwa chakula tu, na kuna wanaopaswa kulazwa usingizi kwa heshima kuliko kukaushwa na kiu miezi. Lililo baya ni kuchoma leo, kuacha kesho, na kukisia keshokutwa.

Na kuna habari njema, ambayo kwa watu ni nadra lakini kwa paka si nadra: akianza tiba mapema, akala nyama badala ya ugali na sukari ikatulia, kongosho linaweza kuamka, na sindano ikasimama. Utalijua hilo kwa namba kuanza kuwa ndogo siku baada ya siku. Hapo dozi ileile iliyomwokoa ndiyo itakayomwangusha, kwa hiyo umakini wa kupima uwe mkubwa kuliko ule wa siku ya kwanza.

Shombo ameshuka mpaka nusu uniti. Ukuta ameuruka mwezi uliopita, kwa shida, akatua vibaya, akajilamba kana kwamba alikusudia. Kwenye rundo la mchanga sisimizi hawajaonekana siku nyingi. Nimefurahi, ila siwaamini. Nimelitazama daftari, nimekuta mstari wa saa 1 jioni bado mtupu, nimemwita mama watoto nimuulize.